Kwa Shabani, Kabla Lori la Vibarua Halijafika

Unyambwa, Alhamisi mchana

Mwanangu Shabani,

Hali yako siulizi. Asubuhi nimekuona ukimaliza kiporo cha ugali na mlenda wa jana, ukakomba na sufuria, na mtu wa namna hiyo ni mzima. Mimi nami ni mzima, ukiacha hii nyonga unayoijua, na moyo ambao tangu Jumapili hautulii. Umekwenda Sepuka kumuaga bibi yako, utarudi jua limeshazama, na utazikuta karatasi hizi juu ya begi lako. Ningeweza kukusubiri tuzungumze. Lakini mimi na wewe tukizungumza jambo zito tunapandishiana sauti mpaka majirani wanapunguza redio wasikilize, na leo sina sauti ya kupandisha. Kwenye simu ndiyo kabisa, ungenikatia.

Mambo ya shuka, sabuni na chandarua shangazi yako ameshakuhubiria, siyarudii. Mambo ya pombe na wasichana, marehemu baba yako ndiye angekuambia, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mfano mzuri sana. Mimi nataka kukuambia juu ya kazi unayoiendea kesho, maana nina hofu, Shabani. Naiandika hivyo hivyo ilivyo. Nina hofu.

Yule dalali wa vibarua alipokuja Jumapili, wewe ulimwona mtu wa neema. Alinipa shikamoo ya heshima, akakaa kwenye kigoda bila kuchagua, akasifia kuku wangu. Nikamuuliza ni kazi gani. "Kazi ya kawaida tu, mama. Kupanga magunia ghalani." Nikamuuliza, kwani Manyoni hakuna vijana wenye mgongo? "Wapo, mama, ila wa kule wavivu." Wewe ukacheka. Mimi nilikuwa namwangalia macho, na macho yake yalikuwa yanahesabu vijana waliokaa ukutani.

Kisha akakuuliza, "Kijana, una ndugu yeyote Manyoni?" Ukasema huna. Akatabasamu, akasema umepata kazi. Mtoto wa Mzee Hango, ambaye ana mjomba wake pale pale karibu na stesheni, aliambiwa nafasi zimejaa. Halafu baada yake wakapata wengine watatu. Hukuliona hilo. Mimi nililiona, nikakaa kimya kwa sababu ulikuwa umefurahi, na tangu alizeti ilipoanguka bei sijakuona ukifurahi. Mengine unayajua: simu mziache nyumbani, mtalala ndani ya uzio, mtakula ndani ya uzio, lori litawachukua alfajiri, tena si stendi kama watu, ila kule njia panda ya shule.

Jioni ile nilipoanza kuuliza ukanijibu, "Mama, siasa zako ndizo zilizokufukuzisha kazi. Unataka zinifukuzishe na mimi kabla sijaajiriwa?" Nilicheka, maana ulilisema vizuri. Kisha nikaingia ndani nikalia kidogo. Sasa nisikilize hizo siasa zenyewe, usikie zilikuwa nini na zilivunjikia wapi, kwa sababu lori kama hilo mimi nilikwisha kuliona. Nililiona nikiwa nje ya geti.

Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka harufu tu. Nilikuwa nashona midomo ya magunia kwenye kinu cha kukamulia alizeti pale mjini, na wewe ulikuwa unalala nyuma yangu juu ya viroba vya mashudu. Kazi yangu kubwa ilikuwa lumbesa. Gunia likishajaa, tajiri anataka liongezwe kichwa, basi unashonea kipande kingine juu ya mdomo, unajaza, unafunga kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Mkulima analipwa gunia moja, tajiri anapata moja na kitu. Kila mtu aliyajua hayo na kila mtu aliyazoea. Shida ya lumbesa kwa mbebaji ni nyingine: gunia la kawaida hulala bapa juu ya mwenzake, lakini lumbesa ina kichwa cha mviringo na hailali. Ukiipanga juu sana, rundo linayumba, na alizeti ndani inateleza.

Miongoni mwa wabeba mizigo alikuwapo mtu anaitwa Petro, mwenyeji wa Manyoni, ujanani alikuwa kwenye gengi la reli. Alikuwa mwembamba, mbishi, na chai yake aliinywa bila sukari ili apate la kulalamikia. Huko relini alikokuwa alijifunza fikra moja ya wafanyakazi ambayo ilikuwa na jina refu la Kizungu, anako-sindikali. Mara ya kwanza alipolitamka nilimwambia jina hilo haliwezi kubebwa na mtu mmoja, lingetafutiwa mkokoteni. Hakununa. Alicheka, akanieleza tukiwa tunakula, siku moja neno moja, siku nyingine jingine.

Alisema hivi: anayefanya kazi ndiye anayeijua, kwa hiyo ndiye anayeweza kuiendesha. Ukimwondoa bwana mmoja ukaweka mwingine, awe wa ofisini, wa chama cha siasa au hata wa chama chenu wenyewe cha wafanyakazi, hujaondoa kitu. Chama cha wafanyakazi kiwe cha watu wote wa mahali pamoja, mbebaji, mshonaji, fundi wa mashine na mlinzi, si kila kabila la kazi na kikundi chake. Kisha vyama vya mahali na mahali vishikane mikono kutoka chini, asiwepo wa kukaa juu yao. Mnayemtuma kusema anabeba maneno yenu, hana yake. Akibadilisha, mnamrudisha alikotoka siku hiyo hiyo. Na nguvu yenu haimo kwenye barua za kuomba wala kwenye ahadi ya mgombea. Imo mikononi, mkiweka mzigo chini wote kwa pamoja.

Nilimwambia, "Petro, hayo si mageni. Kwetu tunalimiana." Nawe unajua tunavyolimiana. Anayehitaji kulimiwa anapika pombe ya mtama au uji, kila mtu anakuja na jembe lake, mstari unakwenda pamoja, mwenye nguvu anamngoja aliyechoka, na hakuna anayesimama nyuma yetu na fimbo. Kesho ni shamba la mwingine. Petro akafurahi mno, akapiga paja. "Ndiyo yenyewe, Mama Shabani! Sasa fikiria kinu." Nikamwambia kule kila mtu ana shamba lake, lakini kinu kina mwenyewe. Akanijibu, "Hapo ndipo ugomvi wote ulipo."

Na tulikionja, mwanangu, usidhani ni hadithi. Kuna msimu tajiri alikwenda mbali kwa matibabu, na msimamizi aliyemwacha akatoroka na vifaa vya mashine. Wakulima walikuwa wameshaleta alizeti, punda na matela vimejaa barabarani. Tulikutana asubuhi penye mizani, wote, na hakuna aliyesema "mimi ndiye." Mafundi walisema mashine inataka nini, wakachonga vipuri vya kuziba vilivyoibwa, wabebaji wakasema watapokea vipi, sisi wanawake tukasema lumbesa hatushoni. Kinu kilikwenda. Mafuta yalitoka, wakulima walilipwa gunia kwa gunia, nasi tulilipana kwa kukubaliana. Tuligombana, ndiyo, tena sana, hasa nani azoe majivu ya tanuru, mpaka tukaamua kwa zamu, na siku ya zamu yangu nilimwaga majivu kwenye viatu vya Petro kwa makusudi. Sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda msimu ule. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo na siudhiki.

Tajiri alirudi, akatusifu, akachinja mbuzi. Wiki hiyo hiyo akabadilisha makufuli yote. Petro hakula ile nyama. Sisi tulikula, tukamwona ana kiburi.

Sasa mwaka uliofuata alizeti ilizaa kupita kiasi. Tajiri alinunua yote akaifungia, akingoja bei ipande, na lumbesa zikarudi. Ghala ikajaa. Akasema pandisheni juu. Wakapandisha. Akasema tena pandisheni. Asubuhi moja Petro alisimama chini, akaliangalia lile rundo, akasema limeegemea ukuta na ukuta wenyewe umefanya ufa. Tajiri akamjibu kwa methali aliyoipenda sana, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Petro akasema, "Bosi, leo atakayesikia ndiye atakayevunjika."

Tukaweka chini. Wote, Shabani: wabebaji, washonaji, mafundi, hata mlinzi wa mchana alivua kofia akaja kukaa nasi nje ya geti. Hatukudai mshahara. Tulidai rundo lishushwe na lumbesa ikome. Petro alitaka tuwe na msemaji wa siku moja moja, leo huyu, kesho yule. Tukamcheka. Kikundi gani hakina mwenyekiti? Hata kikoba kina mwenyekiti! Tukamchagua Ramadhani, mbebaji mwenzetu, kwa sababu alikuwa na sauti nzuri na alikuwa na koti. Nakuambia ukweli, hata mimi nililipigia kura koti.

Tulikaa pale siku kadhaa, na mjini watu walituletea uji. Ndipo alfajiri moja likaja lori. Lilikuwa limejaa vijana wa Sepuka, ambao dalali alikuwa amewapitia huko kijijini akawaambia kuna kazi ya kawaida. Likaingia, geti likafungwa. Wakawa wanalala ndani, wanakula ndani.

Nikuambie tulichokifanya. Tuliwatukana. Tuliwaita mbwa wa tajiri, tukawarushia udongo kupitia kwenye wavu wa uzio. Wengine walikuwa watoto wa ndugu zetu, nao walituangalia kwa aibu na kwa chuki, kama mtu anayetukanwa na shangazi yake mbele za watu. Petro alitaka kwenda usiku kwenye uzio awaambie habari ya ufa. Tulimzuia. Mmoja alimwambia, "Unawabembeleza wasaliti?" Na mimi, mama yako, nikasema, "Waache wapande, watajua wenyewe." Niliyasema kwa mdomo huu, na watu waliniitikia. Hapo tulikuwa tumeshakosea, Shabani, na hatukujua. Tulijua jambo ambalo lingewaokoa, tukalifanya adhabu yao.

Lilipoanguka halikupiga kelele kubwa. Ulisikika mgurumo mfupi, vumbi likatoka chini ya mlango wa ghala, kisha ndani watu wakaanza kupiga mayowe kwa Kinyaturu wakiwaita mama zao. Tulivunja geti. Tulifukua magunia pamoja, wao na sisi, na kule chini hakuna aliyeuliza nani msaliti. Wengine walitoka na mikono na mbavu zilizovunjika. Mmoja, Yohana, alitoka amekufa, mdomo wake umejaa alizeti. Alikuwa na umri wako wa sasa. Mimi ndiye niliyemsafisha mdomo, na hiyo ndiyo sababu sinunui karanga wala alizeti za kukaanga mpaka leo, ingawa nilikudanganya kuwa ni meno.

Mazishi yalikuwa Sepuka na tulikwenda wote, maana msibani hapatakiwi mwaliko. Tajiri naye alikuja. Alileta jeneza kwenye lori lile lile, akaleta unga na sukari, akavua viatu, akashika jembe akarudishia udongo kwa mkono wake mpaka jasho likamtoka. Sasa wewe ni mtoto wa huku, unajua. Mtu akishika jembe kwenye kaburi la mwanao, humrudishi na ugomvi. Ugomvi unawekwa chini mpaka watu watawanyike. Tukauweka chini. Yeye hakungoja watu watawanyike. Alisimama pale pale, akasema kwa upole, "Msiba huu ni wetu sote. Nipeni mtu mmoja tu tuyamalize hapa, mbele ya marehemu." Wazee wakaitikia, ndiyo, yaishe. Nani angesema hapana mbele ya udongo mbichi? Mama yake Yohana alikuwa amekaa pale amefunika uso. Tukamwambia Ramadhani, nenda, tuamulie.

Hatukumwambia nenda kaseme hiki. Tulisema tuamulie. Walizunguka nyuma ya nyumba, wakarudi, na Ramadhani akasema, "Yameisha." Tulirudi kazini Jumatatu. Rundo lilipangwa upya, lumbesa zile zile, urefu ule ule. Ramadhani alifanywa msimamizi, akanunua koti jingine. Petro alizuiwa getini. Nilipouliza yaliisha vipi, nikaambiwa nami nikapumzike nyumbani. Ndizo hizo siasa zangu.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa letu ni huyu Ramadhani, nikawa nikimwona sokoni nageuza shingo. Siku hizi simchukii. Hakuwa mtu mbaya kuliko sisi. Tulimtwika uamuzi wa watu wote, tukamwacha peke yake nyuma ya nyumba na mtu mwenye fedha, halafu tukashangaa alivyorudi. Mtu yeyote umweke pale. Niweke mimi. Petro alidhani watu wakikaa bila bwana watakuwa wema. Mimi siamini hivyo, nimejiona mwenyewe pale kwenye uzio. Ninachoamini ni kwamba mtu mmoja asipewe nafasi ya kuwauza wengine, hata akiwa mwema, hata akiwa mwanangu.

Petro alirudi kwao Manyoni na sasa ni marehemu. Lakini Zuhura, niliyeshona naye magunia benchi moja, aliolewa huko, na anafanya kazi ya kuchambua nafaka kwenye ghala moja kubwa karibu na reli. Leo, ulipokuwa umeshaondoka, amenipigia simu. Nikamsalimia kwa utani wetu, hakuitikia utani.

"Mama Shabani," akasema, "huku tumeweka chini tangu wiki iliyopita. Lumbesa tupu, dada yangu, zimefika kwenye kenchi za paa. Nguzo moja imepinda."

Nikamuuliza mwenyekiti wao ni nani. Akasema hawana. "Leo msemaji ni mimi, kesho mwingine. Tulimsikia Petro kuliko nyie." Nikasikia watu wanaimba nyuma yake. Akasema, "Jana limeingia lori la vijana wa kutoka huko Itigi. Tunasikia kesho linakuja jingine, linatoka Singida. Kwenu hamjasikia mtu anayekusanya vijana?"

Shabani, nilikaa chini pale pale uani, juu ya kuni.

Kwa hiyo sasa unajua kazi ya kawaida ni kazi gani, na unajua kwa nini alitaka asiye na ndugu Manyoni. Mwenye ndugu angeambiwa. Basi mimi ndiye ndugu yako, nami nakuambia.

Sikukatazi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi kukuchelea sijawahi, majirani wote ni mashahidi. Lakini umekua, na nikikukataza utapanda lori kwa hasira ya kunionyesha. Najua unakwenda kwa ajili ya nyonga yangu na kwa ajili ya paa letu. Nalijua hilo na linaniuma, kwa sababu ungekuwa mvivu ningekuwa na amani usiku wa leo. Nakupenda kuliko kitu chochote nilichobakiwa nacho, hata kama sikukuambia tangu ulipoota ndevu.

Ninachokuomba ni kimoja, nacho si kubaki nyumbani. Ukibaki peke yako, ukajifunika shuka ukasikia lori linapita na wenzako, utakuwa umefanya kile tulichofanya sisi. Utakuwa umejua ufa ulipo ukanyamaza. Kijana yule mwenye kigugumizi wa kule bondeni amepata kazi, mtoto wa fundi baiskeli amepata, na wale pacha pia. Wapitie leo hii, nyumba kwa nyumba, hata kama wamelala wagongee. Wasomee karatasi hizi. Usiwaite wajinga, usiwatukane, usiwaambie "mama amesema." Waambie kuna nini ndani ya uzio ule, kisha mkae mwamue wenyewe, wote, na asitoke mmoja wa kuwaamulia, hata wewe, hasa wewe maana una sauti nzuri kama baba yako. Wapo watakaosema njaa haingoji. Wana haki ya kusema, nasi wa Singida njaa tunaijua. Wasikilize mpaka mwisho. Mkiamua kwenda Manyoni, nendeni, kuna basi la asubuhi, mtafika kwa miguu yenu na mtaonekana nyuso zenu, na pale nje ya geti pana nafasi ya kukaa na uji upo.

Na kama baada ya yote mtapanda lile lori, sitakulaani. Sijui hata mama anamlaani vipi mwanawe. Ila usipande juu ya rundo, Shabani. Chochote watakachosema, usipande.

Mimi ukisoma hapa nitakuwa nimeshapita Ikungi. Nachukua basi la alasiri. Nimemwomba Zuhura kesho niwemo kwenye wale watakaokaa njiani, na amekubali, amesema kila mwenye mwili ana kazi. Tutakaa chini, barabarani, geti likiwa nyuma yetu, na tumekubaliana hakuna atakayesimama. Nyonga yangu hii, nikishakaa, kusimama kwa haraka siwezi hata ningetaka. Dereva hanijui, na ameahidiwa chake akifikisha watu ndani.

Zuhura anasema lori la jana lilikuwa limefunikwa turubai juu na pembeni, waliomo hawakuona nje. Basi kama utakuwemo, sikiliza. Ukisikia limepunguza mwendo, na honi ikalia, ikalia tena, na njia haifunguki, usidhani ni ng'ombe. Ni mimi mama yako, nimekaa chini.